Maji Hupwa, Maji Hujaa: Mwongozo Kamili wa Kutunza Moyo wa Kazi Katika Biashara Ndogo

Miaka miwili ya mwanzo, salamu zangu nyumbani zilitegemea mauzo. Siku ya kazi nyingi niliingia nikipiga mluzi. Siku ambayo mashine ililala, nilivua viatu mlangoni nikaenda moja kwa moja kitandani. Watu wa nyumbani walifika mahali wakajua siku yangu ilivyokuwa kwa kusikia tu ninavyozungusha ufunguo. Kazi yangu ni uchapaji mdogo: kadi, vipeperushi, stika. Lakini nimekaa na mafundi, wauza nguo, wapiga picha na wenye saluni, na wote huniambia hayo hayo.

Ushauri tunaopewa ni "usikate tamaa". Sina ugomvi nao, ila aliyeamka saa kumi usiku akipiga hesabu ya kodi ya chumba anahitaji kitu cha kushika mkononi. Nilichojifunza kwa kuanguka na kuinuka ni kwamba sehemu kubwa ya moyo wa kazi inakaa nje ya kifua: kwenye daftari, kwenye akiba, kwenye kalenda, na kwa watu wawili watatu unaoweza kuwapigia simu. Ukivipanga hivyo, moyo hufuata. Ukingoja moyo urudi ndipo upange, utangoja sana.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio, na usizibebe zote wiki moja. Mimi ningezipa miezi miwili.

Hatua ya 1: Jua ni kitu gani kimekuishia

"Sina hamasa" ni kama "naumwa": daktari hawezi kuandika dawa kwa neno hilo peke yake. Chukua karatasi ujiulize maswali manne, ujibu kwa ndiyo au hapana kabla hujaanza kujitetea.

Ningelala vizuri siku tatu mfululizo, ningetaka kwenda kazini siku ya nne? Ukijibu ndiyo, umechoka tu, na hatua ya 7 ndiyo ya kuanza nayo. Pesa za miezi mitatu zingekuwa zimeshakaa benki, kazi hii ningeipenda? Ndiyo hapa maana yake kinachokutafuna ni woga wa fedha. Hatua ya 2, 3 na 4 ni zako. Mwezi huu yupo mtu aliyeniuliza kazi inaendaje nikamjibu ukweli? Kama hayupo, upweke ni sehemu ya tatizo, na hatua ya 8 ndiyo yako. La mwisho ndilo gumu: ningekuwa sijatumia hata senti wala siku moja kwenye biashara hii, leo ningeichagua? Ukijibu hapana, soma hatua ya 9 mara mbili.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la orodha yake ya magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, limeeleza uchovu wa kazi uliopitiliza kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kiakili au kuichukia, na kuona kwamba unachofanya hakina tija. Limeuweka kama hali inayotokana na kazi, halikuuita ugonjwa. Dalili ya pili ndiyo wenye biashara hatuioni, maana hatuna bosi wa kutuambia tumebadilika. Kwangu ilijitokeza kwenye simu. Namba ya mteja ikiita, naigeuza simu kifudifudi, nangoja ikate, halafu nalalamika kwamba wateja wamepotea.

Neno moja la tahadhari. Kama huzuni imekushika sehemu kubwa ya siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, au umeanza kuwaza kujidhuru, acha mwongozo huu umwone daktari. Hilo halitibiwi na daftari.

Hatua ya 2: Andika kila siku, hukumu kila wiki nne

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii tunaisema kwa ajili ya mali, nami nimegundua inafaa pia kwa ajili ya moyo: bila daftari, moyo nao huisha bila habari.

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kitaalamu jambo ambalo kila muuzaji analijua mwilini, kwamba kupoteza huuma kuliko kupata kiasi hicho hicho kunavyofurahisha. Mwaka 1992 walikadiria uzito wa maumivu hayo kuwa kama mara mbili na robo. Sasa pigia hesabu siku zako. Leo umepanda, kesho umeshuka kwa kiasi kile kile. Biashara iko pale pale ilipokuwa juzi, lakini wewe unayejihukumu kila jioni umeshaingia hasara, kwa sababu furaha ya leo haikutosha kulipia uchungu wa kesho. Fanya hivyo mwaka mzima na utakuwa mtu aliyevunjika moyo mwenye biashara nzima kabisa.

Dawa ni kutenganisha kuandika na kuhukumu. Daftari langu lina safu nne: tarehe, watu waliouliza, watu walionunua, pesa iliyoingia. Pembeni kuna nafasi ya maneno matano au sita ya kueleza siku ilikuwaje. Wiki moja ya walionunua ilisomeka hivi:

Jumatatu 9. Jumanne 14. Jumatano 3 ("umeme ulikatika, mvua"). Alhamisi 11. Ijumaa 16. Jumamosi 13.

Jumla 66. Jumatano ile nilikuwa tayari kuuza mashine. Wiki tatu zilizofuata zilileta 68, 61 na 69. Zijumlishe zote nne upate 264, gawanya kwa nne, unarudi pale pale kwenye 66. Yaani wiki iliyonitoa machozi ilikuwa wiki ya kawaida kuliko zote. Nisingekuwa na daftari ningeapa kuwa ule ulikuwa mwanzo wa mwisho.

Kwa hiyo kila siku andika, funga daftari, basi. Chagua siku moja kila baada ya wiki nne, ukae na kikokotoo, ndipo ujiulize: wastani umepanda, umeshuka, au umetulia? Ukishuka vipindi vitatu mfululizo, hiyo ni habari ya kweli na inastahili kukukosesha raha. Ukishuka kipindi kimoja, kunywa maji ukaendelee na kazi.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wazoefu. Mwaka 1886 Francis Galton, akipima urefu wa wazazi na watoto wao, aliandika kwamba wazazi warefu kupita kiasi huzaa watoto ambao kwa kawaida wako karibu zaidi na urefu wa watu wengi, na wafupi sana vivyo hivyo. Kitu kilichofika ukingoni huelekea kurudi katikati. Mauzo nayo ni hivyo. Baada ya wiki mbovu kuliko zote, inayofuata mara nyingi huwa na nafuu hata ungekaa tu unatazama dari. Lakini wewe hukukaa, kwa hofu ulishusha bei. Mauzo yakapanda kidogo, ukaamini punguzo ndilo lililokuokoa, na tangu hapo kila ukitishika unashusha bei. Nimeifanya hii kwa karibu mwaka. Wateja wangu walijifunza kunisubiri nitishike.

Usibadilishe bei wala bidhaa kwa sababu ya wiki moja. Ngoja hesabu ya wiki nne.

Hatua ya 3: Jilipe mshahara mdogo, halafu hesabu akiba kwa siku

Kinachokondesha zaidi kuliko uchache wa pesa ni kutojua pesa ipi ni ya nani. Leo umechota ya mali ghafi ukanunulia mahitaji ya nyumbani, kesho umetoa ya nyumbani ukalipa muuzaji wa jumla, na mwisho wa mwezi umefanya kazi kama punda huoni kilichobaki.

Huhitaji kuwa mhasibu. Katika Jamhuri ya Dominika, watafiti Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar walilinganisha wafanyabiashara wadogo waliofundishwa uhasibu wa kawaida na waliofundishwa kanuni chache nyepesi, kama vile kuweka pesa ya nyumbani na ya biashara kwenye droo mbili tofauti. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014: waliopata kanuni nyepesi ndio walioboresha utunzaji wa hesabu, na waliosomeshwa uhasibu kamili hawakuonyesha badiliko la maana. Hilo limenituliza sana mimi niliyefeli somo hilo shuleni.

Kanuni yangu ya mshahara ni hii. Tazama miezi 12 iliyopita, chukua mitatu iliyokuwa mibaya zaidi, tafuta wastani wa faida yake. Mshahara wako uwe hapo au chini kidogo. Kama biashara haijafikisha mwaka, tumia miezi uliyonayo uwe bahili zaidi. Ulipwe tarehe ile ile kila mwezi, kiasi kile kile. Mwezi wa neema ukija, hujiongezei. Ziada inaingia kwenye akiba ya biashara. Mwezi mbovu ukija, hujikati, akiba inaziba. Nyumbani waijue tarehe na kiasi. Siku nilipoanza hivi, mluzi na viatu vya mlangoni vilikwisha, kwa sababu siku mbovu haikuwa tena na njia ya kufika jikoni.

Kama miezi yako mibaya haikuacha faida yoyote, jibu la mshahara ni sifuri kwa sasa, na ni afadhali kulijua hivyo kuliko kuendelea kula mtaji bila kujua. Tafuta kipato cha pembeni kwa muda huku ukijenga akiba.

Akiba yenyewe ihesabu kwa siku. Chukua matumizi ya lazima ya mwezi, pamoja na mshahara wako, ugawanye kwa 30. Tuseme ni 600 kwa fedha yoyote unayotumia: siku moja inakugharimu 20. Ukiwa na 300 ya akiba, una siku 15. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya benki ya JPMorgan Chase ilichunguza akaunti za biashara ndogo karibu 600,000 za Marekani, ikakuta ile ya katikati ingeweza kuendelea kulipa kwa siku 27 tu kama mapato yangekatika. Basi usijione mjinga peke yako. Lenga siku 15, kisha 30, kisha 60, na namba hiyo uiandike ukutani kwa kalamu nene. Kuiona ikitoka 22 kwenda 24 ni furaha ya aina yake, na haitegemei wateja wa leo.

Akiba inakurudishia hata akili. Kundi la watafiti liliwapima wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu nchini India, mara moja kabla ya mavuno mifuko ikiwa imekauka, mara ya pili baada ya kulipwa. Watu wale wale walifanya vibaya zaidi majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Mtu mwenye deni shingoni anadhani amekuwa mvivu au mjinga, kumbe sehemu ya kichwa chake iko kazini muda wote ikizungusha deni.

Hatua ya 4: Dai chako

Hakuna kitu kinachovunja moyo kama kuwa na faida kwenye daftari na mfuko mtupu. Kazi umefanya, mteja ameridhika, amekusifia mbele za watu, hajalipa. Na wewe unaona haya.

Haya hiyo inatokana na kudai kwa hasira, na hasira inatokana na kuchelewa kudai. Dai mapema, kwa utulivu, kwa maneno uliyoyaandika siku ambayo hukuwa na shida. Mimi nina ujumbe wa aina tatu kwenye simu, nabadilisha jina tu. Wa kwanza unakwenda siku mbili kabla ya tarehe:

"Habari za leo, dada. Natumaini vipeperushi vimefanya kazi vizuri. Nakukumbusha tu kwamba salio lako ni la Ijumaa hii. Asante kwa kuniamini."

Wa pili, siku tatu baada ya tarehe kupita:

"Shikamoo mama, pole na majukumu. Sijaona malipo ya Ijumaa, nikaona niulize kama kuna lililotokea. Nikipata tarehe ya uhakika nitashukuru, maana karatasi za kazi inayofuata nanunua kwa pesa hiyo."

Wa tatu hausihi. Unataja kiasi, tarehe, na kwamba kazi mpya itaanza deni likishalipwa. Nimeutumia mara chache kuliko nilivyohofia.

Halafu badilisha mlango wa kuingilia: nusu mbele kabla mashine haijawashwa, nusu wakati wa kuchukua mzigo. Utapoteza wateja wachache. Tazama ni akina nani.

Hatua ya 5: Andika "ikiwa" zako kabla ya dhoruba

Mwaka 1999 mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alikusanya tafiti zinazoonyesha kwamba watu hutimiza zaidi malengo yao wanapoyafunga kwenye tukio mahususi, kwa muundo wa "ikiwa hili likitokea, nitafanya lile". Nia peke yake haitoshi, kwa sababu wakati wa tukio kichwa kinakuwa kimejaa. Uamuzi uwe umeshafanywa na wewe yule mtulivu wa juzi.

Zangu ziko nyuma ya daftari. Ikiwa mteja atanitumia ujumbe wa matusi, nitaandika jibu lakini silitumi mpaka nimemaliza kazi iliyoko mkononi. Ikiwa mwenzangu mwenye kazi kama yangu atafungua jirani, sitagusa bei kwa wiki nne. Ikiwa nitaharibu kazi ya mtu, nitampigia mimi kabla hajanipigia yeye. Ikiwa hadi saa sita mchana hakuna aliyeingia, nafungua karatasi ya ukame.

Karatasi ya ukame ndiyo iliyonisaidia kuliko mbinu yoyote. Siku isiyo na wateja ina saa nyingi kuliko nyingine zote, na saa hizo tukiziacha wazi zinajazwa na simu na mawazo mabaya. Basi siku za kazi nyingi, kila ukiona kitu unachotamani kukifanya ukakosa muda, kiandike kwenye karatasi hiyo. Yangu leo ina haya: kusafisha vichwa vya mashine, kuwapigia wateja watano wa mwaka jana, kupiga picha sampuli mpya, kupanga karatasi kwa ukubwa, kuuliza bei ya wino kwa muuzaji wa pili. Kila kimoja kinamalizika ndani ya saa mbili, nami hukipigia mstari kikiisha.

Mistari hiyo si mchezo wa watoto. Teresa Amabile na wenzake walisoma maandishi ya kila siku karibu 12,000 ya wafanyakazi 238, wakakuta siku ambazo watu walikuwa na moyo zaidi ni zile walizosogeza mbele kazi waliyoiona ina maana, hata kama ni kwa hatua ndogo. Hatua ya nje, ya kumtafuta mteja, ina nguvu zaidi. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wafanyabiashara wadogo 1,500 nchini Togo. Kundi moja lilipewa masomo ya kawaida ya biashara. La pili lilifundishwa kuanza jambo bila kusukumwa, kutazama mbele na kung'ang'ana likikwama. La tatu halikufundishwa kitu. Katika miaka miwili na ushei iliyofuatiliwa, faida ya kundi la pili ilizidi ya wasiofundishwa kwa takriban 30%. Masomo ya kawaida yalileta 11%, tofauti ambayo kitakwimu ingeweza kuwa bahati tu.

Mimi huisoma hivi: kung'ang'ana kunafundishika. Hukuzaliwa nako wala hukunyimwa.

Hatua ya 6: Jihadhari na msimu wa neema

Tunajiandaa kwa ukame tunasahau mafuriko. Moyo wangu ulivunjika vibaya zaidi baada ya mwaka mzuri, si mbaya. Nilipata mteja mmoja mkubwa, kazi yake ikachukua karibu theluthi mbili ya mauzo. Nikaongeza mashine, nikaajiri, nikawaambia wateja wadogo wangoje. Asubuhi moja ikaja barua pepe ya mistari mitatu: wamebadilisha mpango. Wale wadogo niliowaambia wangoje walikuwa hawangoji tena.

Tangu hapo nina mipaka miwili. Mteja mmoja akipita theluthi moja ya mauzo ya kipindi, wiki hiyo natafuta wengine hata kama nimechoka. Na hakuna gharama ya kudumu, iwe ni chumba kikubwa, mkopo au mtu wa mshahara, ninayoiongeza mpaka ongezeko la mauzo lidumu vipindi vitatu vya wiki nne. Mwezi wa neema ni wa kujaza akiba.

Hatua ya 7: Funga siku

Hapa nitakuwa mfupi. Watu wazima wengi wanahitaji angalau saa saba za usingizi, na biashara haikupi msamaha.

Kinachozuia usingizi wa mwenye biashara ni kazi zilizobaki nusu. E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilomalizika huendelea kuingilia mawazo, lakini mtu akiandika mpango mahususi wa kulimalizia, kero inapungua ingawa jambo lenyewe bado. Dakika kumi za mwisho kazini, andika mambo matatu ya kesho na saa ya kuanza lile la kwanza. Zima mashine. Sema kwa sauti "nimefunga", hata kama hakuna anayekusikia. Wanaofanyia kazi nyumbani wafunike meza kwa kitambaa.

Siku moja kwa wiki simu ya kazi ilale. Na saa moja kila wiki fanya ile sehemu ya kazi iliyokuvuta mwanzoni, bila kumfanyia mteja yeyote. Mimi huchora herufi kwa mkono. Hazijaniletea hata shilingi.

Hatua ya 8: Tafuta mtu mmoja wa kumwambia namba

Marafiki watakuambia utafaulu. Ndugu wengine watakuambia ungetafuta ajira. Unayemhitaji ni mtu wa tatu: mwenye biashara ya ukubwa kama wako, asiyegombea wateja wako, anayekubali kukutana nawe mara moja kila wiki nne, siku ile ya hesabu. Mimi na fundi mmoja wa samani hufanya hivi kwa mwaka wa nne sasa. Utaratibu wetu ni mkavu: kila mmoja anataja wastani wa mauzo, siku za akiba, deni kubwa analodai, na jambo moja analolikwepa. Mwingine anauliza maswali. Hakuna kutiana moyo mpaka namba ziishe.

Mara ya kwanza nilidanganya siku za akiba. Nilisema 20, zilikuwa 6. Akaniuliza, "Ndugu yangu, hizo 20 ziko wapi, nionyeshe." Nilikasirika njia nzima kurudi. Usiku huo nikalala kuliko wiki zote za nyuma.

Kama una mwenza nyumbani, naye apate namba hizo, kwa ufupi na kwa tarehe maalumu. Kimya chako anakitafsiri kwa namna mbaya kuliko hali halisi.

Hatua ya 9: Weka tarehe ya kukata shauri

Miongozo mingi hairuhusu neno "kufunga" kuingia. Mimi naona kinyume: mtu asiyejua mlango wa kutokea uko wapi hawezi kutulia ndani. Takwimu za Marekani, zinazofuatiliwa kwa miaka mingi, zinaonyesha kuwa takriban biashara mpya moja kati ya tano haifikishi mwaka, na karibu nusu hazivuki mwaka wa tano. Si zote zilizofilisika. Nyingine wenyewe waliuza, wakahamia kazi bora, au walizeeka.

Ugumu wa kuacha mara nyingi unatokana na tulichokwisha kutumia. Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha mwaka 1985 jaribio walilofanya na watu walionunua tiketi za msimu mzima wa michezo ya jukwaani. Baadhi, bila kutarajia, walipewa punguzo. Tiketi zilikuwa zile zile na michezo ile ile, lakini waliolipa bei kamili ndio waliohudhuria zaidi katika nusu ya kwanza ya msimu. Pesa iliyokwisha kutoka ilikuwa bado inawaburuta. Na sisi hukaa kwenye biashara kwa sababu ya mashine tuliyoinunua.

Kwa hiyo leo, ukiwa hujakasirika wala hujafurahi, andika karatasi ya mistari minne. Tarehe, miezi sita au tisa kutoka sasa. Wastani wa mauzo wa wiki nne ambao chini yake hutaendelea. Siku za akiba ambazo zikishuka chini yake unasimamisha manunuzi mapya. Na kazi au mpango utakaoufuata ukifunga. Kabla ya tarehe hiyo huruhusiwi kujiuliza kama uache. Wazo likija usiku, na litakuja, lina siku yake kwenye kalenda.

Tarehe ikifika na namba zimefikiwa, weka nyingine. Zisipofikiwa, anza na wenye haki kwako: maliza kazi ulizopokea malipo ya mbele, walipe uliowaajiri, zungumza na wauzaji wa jumla kabla hawajasikia kwa watu, kisha uza vifaa polepole badala ya wiki moja ya haraka.

Nakala ya karatasi mpe yule mwenzako wa hatua ya 8, aje nayo siku hiyo. Ya kwako utakuwa umeipoteza.